Kusubiri Kuna Gharama: Jibu kwa Kijana Anayejitolea Bila Malipo

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kasulu, mhitimu wa shahada ya uhasibu, aliniandikia ujumbe mrefu. Alinipa shikamoo, akaniita dada, akaeleza kwamba anajitolea katika ofisi moja hapa Dar es Salaam bila mshahara wala posho, kwa ahadi kwamba nafasi ikipatikana yeye ndiye atakayefikiriwa wa kwanza. Mama yake, ambaye analima maharage, humtumia fedha kidogo kila anapouza, na fedha hizo sasa zimeanza kuchelewa. Swali lake lilikuwa fupi: aendelee, au arudi nyumbani akafungue kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa fedha? Hadi hapo ningeweza kumjibu kwa mistari michache. Kilichonifanya niandike makala nzima ni sentensi yake ya mwisho, aliposema kwamba vijana wawili walioanza kujitolea pamoja naye bado wanaendelea bila kulalamika, na kwamba huenda wamejaliwa subira ambayo yeye amenyimwa.

Sikukubali. Nilimuuliza vijana hao wanalala wapi, akanijibu kwamba mmoja anaishi kwa wazazi wake Mbezi Beach na mwingine kwa mjomba wake Mikocheni, na kwamba huyu wa pili huletwa kazini kwa gari la nyumbani. Nikamwambia basi ameshajijibu. Anayeamka akakuta chai mezani na nauli mfukoni, subira yake inalipiwa na mtu mwingine. Wewe unailipia mwenyewe kila asubuhi, kuanzia kituo cha daladala. Mkipimwa kwa tabia, mmoja ataonekana mvumilivu na mwingine ataonekana mwenye papara, ilhali tofauti yenu imeandikwa kwenye hati ya nyumba ya mzazi.

Ninalijua jambo hili tangu utotoni, ingawa ilinichukua muda mrefu kupata maneno ya kulieleza. Nimezaliwa na kukulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, katika nyumba ambayo mwaka wake wote ulihesabiwa kwa korosho. Fedha za korosho huja msimu mmoja tu, minada inapoanza kuanzia Oktoba, lakini matumizi hayana msimu. Salfa ya kupulizia mikorosho hutakiwa katikati ya mwaka, kabla mkulima hajaona hata senti. Mtoto huugua mwezi wowote. Sare, madaftari na michango ya shule hudaiwa Januari, mara nyingine kabla malipo ya chama cha msingi hayajamfikia mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima alitakiwa kupeleka korosho ghalani kupitia chama chake, kisha asubiri mnada. Mwenye akiba alinufaika, kwa sababu bei ya mnada mara nyingi ilizidi bei ya mlangoni. Baba yangu hakuwa na akiba, hivyo aliendelea kuuza kwa kangomba: mfanyabiashara alimpa fedha katika miezi ya njaa, mikorosho ikiwa bado haijazaa, halafu akarudi wakati wa mavuno kupima mzigo wake kwa bei waliyokubaliana siku ile ya shida.

Jirani yetu alikuwa na mikorosho michache kuliko sisi, lakini mume wake alikuwa mtumishi wa serikali, na mshahara uliingia kila mwezi. Korosho zao zote ziliuzwa mnadani. Nilipokuwa mtoto nilidhani watu wale walikuwa na akili kuliko baba yangu, na nadhani hata baba alikuwa ameanza kuamini hivyo. Leo ninajua kwamba walikuwa na cha kula wakati korosho zikiwa ghalani, basi. Tangu nilipolitambua hilo, kila ninapoona watu wawili wenye shahada moja wakipata bei mbili tofauti sokoni, ninauliza kwanza nani kati yao aliweza kusubiri mnada na nani aliuza kwa kangomba.

Mwaka 2006 nilianza kidato cha kwanza katika shule ya kata. Nchi ilikuwa katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ule MMES ulioanza mwaka 2004, na kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake kwa nguvu za wananchi. Wazazi wetu walisomba mawe, mchanga na hata maji ya kufyatulia matofali, na anayeijua Newala anajua maana ya kusomba maji. Siwezi kuzidharau shule hizo, kwa sababu bila hizo watoto wengi wa wakulima wa rika langu wasingeiona sekondari kabisa. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, nasi tuliilipa kwa vipande. Lakini tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati, na wengine waliotujia walikuwa vijana waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya muda mfupi, wale ambao nchi nzima iliwaita walimu wa vodafasta. Walijitahidi, maskini, lakini walikuwa wakubwa kwetu kwa miaka michache tu.

Kisha kulikuwa na Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kila somo kwa Kiswahili kwa miaka saba, halafu Januari moja anaingia darasani na kukuta baiolojia, historia na hisabati zote zimegeuka. Mwenzake ambaye wazazi wake walimlipia shule ya mchepuo wa Kiingereza hakukutana na ukuta huo, kwa kuwa alikuwa ameshauruka akiwa na umri wa miaka sita. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, ikaundwa tume, na matokeo yakapangwa upya. Mimi nilikuwa nimeshavuka hatua hiyo, lakini mdogo wangu wa pili alikuwa miongoni mwao. Nakumbuka mijadala ya redioni kuhusu uvivu wa vijana na simu zao. Watoto wa kwetu wakati huo hawakuwa hata na simu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, baadhi ya watu walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilifurahi. Kwa kiasi kikubwa orodha ile ilikuwa orodha ya ada.

Wazee hupenda kutukumbusha kwamba wao walisoma pamoja, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchungaji ng'ombe wakilala bweni moja na kula maharage yaleyale, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ninawaamini, na ninawaonea wivu. Hata hivyo, wakati huo waliopata sekondari walikuwa wachache sana, na mchanganyiko ule ulivunjika wenye uwezo walipoanza kuwatoa watoto wao katika shule za msingi za serikali na kuwapeleka shule za binafsi. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita zikafuata katika mwaka wa masomo 2022/23; hatua hizo ni kubwa, na baba yangu angezishukuru. Ila hakuna waraka unaoweza kumrudisha mtoto wa Masaki kwenye dawati la mtoto wa Mbagala.

Nilipata daraja la pili, nikaenda shule ya bweni ya serikali kusoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na mwaka 2012 nikajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na ninataka niseme wazi kwamba bila mkopo huo nisingekuwa na shahada. Fedha za chakula na malazi zilikuwa shilingi 7,500 kwa siku, zikija kwa mkupuo ambao kila mwanafunzi anauita bumu. Bumu likitoka, wengine walibadilisha simu. Mimi nilikuwa na wadogo zangu nyumbani, kwa hiyo sehemu yake ilisafiri hadi Newala siku hiyohiyo. Ili fedha zitoshe nilibebana na mwenzangu kitanda kimoja huko hosteli za Mabibo. Hayo hayakuniumiza; kwanza tulicheka sana.

Kilichoniumiza kilianza baada ya mwaka wa pili, wakati wa kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama tunavyoiita. Rafiki yangu wa darasani, binti mwerevu ambaye baba yake alikuwa na cheo kikubwa, alipata nafasi katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu kwa simu moja iliyopigwa jioni. Mimi nilisambaza barua ofisi baada ya ofisi katikati ya jiji, nikarudishwa na walinzi kabla sijafika mapokezi, na hatimaye nikafanya fildi yangu nyumbani, katika ofisi ndogo ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga mafaili. Tulirudi chuoni tukiwa na alama zinazolingana, lakini wasifu wake ulikuwa na jina la kampuni na wangu ulikuwa na jina ambalo hakuna mwajiri wa Dar es Salaam aliyelifahamu. Sisemi kwamba hakustahili. Alistahili kabisa, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mtu anayependelewa huku akiwa na uwezo hawezi kuuona upendeleo. Akijitazama anaona juhudi yake tu.

Baada ya kuhitimu mwaka 2015 niliitwa kwenye usaili katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Waliniuliza kuhusu kodi na kuhusu ukadiriaji wa thamani ya bidhaa ghalani, nikajibu vizuri, na niliona wakiandika. Kisha mama mmoja mwenye sauti ya upole akauliza nilisoma sekondari gani. Nikaitaja. Akatabasamu, akamtazama mwenzake, akaniuliza kama ninaamini kwamba Kiingereza changu kinaweza kuwahudumia wateja wao. Nilikuwa nimejibu maswali yao yote kwa Kiingereza hicho. Miaka mingi imepita, nimeshakaa upande wa pili wa meza kama ile, na bado ninaweza kukueleza rangi ya kilemba alichovaa mama yule.

Halafu ikaja Juni 2016, serikali iliposimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na baadaye uhakiki wa vyeti, ambao mwezi Aprili 2017 ulitoa orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Sina ugomvi na uhakiki huo. Ninachotaka kijana wa Kasulu akione ni jinsi mlango ule ulipofungwa ulivyowachambua wahitimu wa miaka yetu. Waliokuwa na nyumbani mjini walijitolea. Walikaa maofisini, wakajifunza mifumo, wakajulikana kwa majina, na milango ilipofunguka walikuwa na miaka miwili au mitatu ya uzoefu, ambayo ndiyo hasa matangazo ya kazi huitaka. Sharti la uzoefu linaonekana halimbagui mtu, lakini uzoefu usiolipwa hununuliwa kwa chakula, nauli na kodi, na lazima pawepo mtu wa kuvinunua.

Mimi pia nilijaribu kujitolea. Nilipanga chumba Mbagala kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama ilivyo desturi ya jiji hili, alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shilingi 240,000 zilitoka katika mauzo ya korosho za baba. Muda wa kodi ulipokaribia kwisha nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi kuuliza kuhusu ile ahadi, naye akaniambia nivumilie, nafasi ikitokea nitaarifiwa. Mwenye nyumba hakuwa tayari kupokea jibu hilo. Rafiki yangu, binti wa mkubwa, wakati huo alikuwa akijitolea kwingine, na alinishauri kwa nia njema kabisa nisikate tamaa mapema, kwa sababu kazi nzuri hutaka moyo. Sikumjibu. Alikuwa ameshuka kwenye gari la mama yake.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kuwa mtunza hesabu katika duka la jumla la vipuri vya magari. Mzee mwenye duka alinilipa kila Jumamosi, kiasi ambacho sikuthubutu kuwaambia wenzangu wa chuo. Nilikaa kaunta, nilitoa risiti za mashine ya EFD, nilihesabu bolti na feni za mashine kwenye stoo yenye joto la kupikia, nilijaza ritani za Kodi ya Ongezeko la Thamani, na nilibishana na wapangaji wa mizigo juu ya maboksi yaliyopungua. Siku moja mwanafunzi mwenzangu alikuja kununua taa ya gari, akanitambua, kisha akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu hadi alipohudumiwa na mtu mwingine. Niliona. Lakini ninataka niseme hapa, kwa kuwa blogu ni yangu, kwamba katika stoo ile nilijifunza hesabu za bidhaa kwa kina ambacho sijakikuta kwa wengi waliotoka katika kampuni zenye viyoyozi. Ninajua wizi wa bidhaa unavyofichwa kwenye daftari kwa sababu niliuona ukifichwa.

Zaidi ya hapo, duka lile lilinipa fedha za mitihani. Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, huendesha mitihani yake Mei na Novemba, na mitihani hiyo ina kitu kimoja ninachokiheshimu: msahihishaji haoni kilemba wala hasikii lafudhi. Anaona namba ya mtahiniwa. Nilisoma usiku Mbagala, na Jumapili nilikwenda kwenye darasa la marudio kila nilipokuwa na ada yake. Nilifaulu masomo mengine na kurudia mengine hadi nikapata CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu. Kazi yangu ya kwanza ya ofisini niliipata kupitia mteja wa duka, mama mwenye kampuni ya usafirishaji, ambaye alikuwa amezoea kuniona nikikataa kuandika risiti pungufu. Leo mimi ni mkuu wa idara ya fedha katika kampuni ambayo baadhi ya wasimamizi wake walisoma shule ambazo ada ya muhula mmoja ingemsomesha baba yangu na ndugu zake wote. Sioni haya kujivunia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana wa Kasulu, na kwa kila aliye katika hali yake, ni kwamba kipato kije kabla ya cheo. Tafuta kazi inayolipa, hata kidogo, iliyo karibu kadiri iwezekanavyo na taaluma yako, halafu ujenge jina lako ukiwa umekula. Maduka ya jumla, maghala, shule za binafsi, kampuni za mabasi, SACCOS, vyama vya msingi vya ushirika: wote hao wana vitabu vya hesabu, na wengi wao vitabu vyao viko ovyo. Ukirudi Kasulu usirudi kama mtu aliyeshindwa na mjini. Kibanda cha uwakala hakina aibu yoyote, lakini kinataka mtaji ambao huna, wakati chama cha wakulima cha wilayani kwenu kinaweza kumhitaji mtu anayejua kufunga hesabu za mwaka. Kipato kwanza. Nitairudia hadi inichoshe mwenyewe.

Kama bado unaona pale unapojitolea pana matumaini, basi usiendelee kwa ahadi ya mdomo. Andika barua, kwa heshima, ukiomba mambo mawili tu: nauli na chakula kwa siku za kazi, na tarehe ambayo ofisi itakupa jibu la ndiyo au hapana. Mkuu wa ofisi anayekuthamini hatakasirishwa na barua hiyo, na anayekasirika amekusaidia kujua. Tarehe ikifika bila jibu, aga na uondoke. Usithubutu kuziba pengo kwa mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, wala ile ya mtandaoni inayotangazwa kwenye simu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ndefu ya majukwaa yasiyo na leseni, na vijana wanaodhalilishwa kwa ujumbe unaotumwa kwa kila namba iliyo kwenye simu zao wengi wao walianza kwa kukopa nauli. Kukopa ili ufanye kazi bure ni kumlipa mwajiri wako mshahara.

Ushauri wa pili haupendezi sana, nao ni kwamba uache kuishi kwa kalenda ya watu wenye wazazi wenye uwezo. Mtu akikusimulia mafanikio yake, msikilize, mpongeze, kisha muulize kwa adabu nani alikuwa akimlipia kodi ya nyumba wakati huo. Mara nyingi swali hilo huleta kimya kifupi. Wapo watakaokuambia kwamba waliacha kazi ili wafuate ndoto zao, na watakuficha, bila hata kujua kwamba wanakuficha, kwamba ndoto ile ilikuwa inalala kwenye chumba cha juu cha nyumba ya mzazi. Wewe ukiiga hatua hiyo ukiwa Mbagala, hutakuwa jasiri, utakuwa unadaiwa.

Kuhusu kujuana, sitakudanganya kwamba hakuna maana. Kuna maana kubwa mno. Lakini mtoto wa mkulima naye ana watu, ingawa hawakai kwenye bodi za kampuni: mwalimu wake wa zamani aliyehamia mjini, wateja wanaomwona akifanya kazi kila siku, waumini wenzake, wanakwaya, wenzake wa kikoba. Watu wa namna hiyo hawawezi kukupa kazi kwa simu moja, ila wanaweza kusema neno moja kuhusu uaminifu wako mahali ambapo neno hilo lina uzito. Mimi nililipata neno hilo nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, nikiwa ninalipwa. Kwa hiyo tunarudi palepale: kipato kwanza.

Na hata ukipata ajira, usidhani mtakuwa mmelingana. Tuchukue watu wawili wanaoajiriwa siku moja kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000. Mmoja alisomeshwa na wazazi wake. Mwingine alisoma kwa mkopo, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 150,000 kila mwezi. Serikali ilifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, na hilo lilitupumzisha wengi, lakini deni lenyewe ni halali na lazima lirudi. Sasa ongeza shilingi 200,000 anazotuma nyumbani: dawa za mama, ada ya mdogo wake, bati la nyumba. Kwa mwezi ni shilingi 350,000, kwa miaka mitano ni shilingi milioni 21. Mwenzake, ambaye pengine bado anapewa gunia la mchele kutoka nyumbani, miaka mitano hiyo anaimaliza akiwa na kiwanja na msingi uliojengwa. Watu watasema mmoja ana nidhamu ya fedha na mwingine hana. Nimeshasikia yakisemwa ofisini kwangu, juu ya kijana ambaye nilijua anasomesha watoto watatu wa marehemu kaka yake.

Sikushauri uache kutuma nyumbani. Mimi situmi kwa sababu ya shinikizo, ninatuma kwa sababu baba aliuza korosho zake kwa hasara ili mimi nipate chumba. Nakushauri utenge kiasi maalumu, ukitangaze kwa familia yako, na utume siku mshahara unapoingia ili usipigiwe simu katikati ya mwezi. Ndugu wakizoea kiasi, huzoea pia mipaka yake. Wazazi wetu wakulima wanaelewa vizuri sana habari ya kugawa kidogo kilichopo; wasichokielewa ni kijana anayewaahidi kila kitu halafu anazima simu.

Sasa nigeuke kidogo kwa ninyi mnaosoma haya mkiwa upande ule mwingine, kwa sababu najua mpo. Hakuna anayewadai radhi kwa kuzaliwa mlipozaliwa. Ila acheni kuwahubiria watoto wa wenzenu habari ya kujituma, kama vile mama wa Kasulu anayelima maharage hajitumi. Kama mmejaaliwa ofisi, watazameni vijana wanaofanya kazi bure katika korido zenu na mjiulize kwa nini wote wanatoka mitaa ileile. Ofisi isiyolipa nauli imeshachagua nani ataomba nafasi kabla haijasoma barua hata moja, halafu mwaka unaofuata inalalamika kwamba haipati vijana wenye njaa ya kazi.

Katika kampuni ninayofanyia kazi, nilipewa idara nikakuta utaratibu huo wa kujitolea bila chochote, nami niliupinga hadi ukaondolewa. Haikuwa rahisi, mwenzangu mmoja katika menejimenti alisema kwamba tukianza kulipa nauli na chakula tutavutia watu wanaofuata fedha. Nilimjibu kwamba mimi ni mhasibu na nimeajiriwa na watu wanaofuata fedha. Nikaweka hesabu mezani: posho ya vijana wote wa fildi kwa mwaka mzima ilikuwa ndogo kuliko bajeti ya sherehe yetu ya Desemba, pamoja na ukumbi na muziki. Utaratibu ukapita. Maombi ya mwaka huu yalipofika, nilikuta kwa mara ya kwanza anwani za Chanika, Kitunda, Mbagala na Gongo la Mboto, na kati ya vijana tuliowachukua yupo mmoja kutoka Tandahimba, jirani na kwetu Newala, ambaye katika wiki zake za kwanza amegundua hitilafu kwenye hesabu za bohari iliyotupita sote, nami nikiwemo.